Sukari Imelala

Simu yangu ilifia kwenye mtaro, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya mashahidi wasiopungua elfu moja. Sawa, tulikuwa arobaini. Nilikuwa nimeinama na koleo, nikiwaeleza wenzangu jinsi nilivyowahi kuchimba mtaro mrefu kuliko ule peke yangu kabla ya chai, simu ikachomoka mfukoni mwa shati, ikaangukia kwenye tope. Jirani aliyekuwa nyuma yangu akadhani ni jiwe. Akaikanyaga kwa gambuti ili apite. Tulipoitoa nikaipangusa kwa fulana, nikaipuliza, nikaibonyeza. Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria.

"Ifukie kwenye mchele," mmoja akashauri.

"Kilo ngapi?"

"Inategemea ulivyoipenda."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, maana hiyo ndiyo kazi yangu katika mtaa wetu wa Masaka, hapa Kigali. Lakini koleo sikulishika tena siku ile. Ndani ya simu ile kulikuwa na damu yangu ya miezi mitatu.

Nina kisukari, mwaka wa nne sasa, kile cha kujichoma insulini asubuhi na jioni. Nina kimashine cha kupimia: unajitoboa kidole, unagusisha tone kwenye kijiti, namba inatokea. Kimashine chenyewe kina kumbukumbu fupi, vipimo ishirini vya mwisho tu, vilivyotangulia kinavisahau kama mtu aliyepandishwa cheo. Ila kila namba kinairusha kwenye simu, na programu iliyomo inaipokea, inaandika siku na saa, inachora mstari unaopanda na kushuka kama barabara ya Musanze. Daktari wangu hausomi uso wangu. Anausoma mstari ule.

Na ana sababu. Ni mama mmoja aliyekulia Bukavu, mfupi, miwani yake inaning'inia kwenye mnyororo, na Kiswahili chake hakipigi hodi. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba sukari yangu ilipanda mpaka mashine ikapasuka. Akaweka kalamu chini.

"Papa, kinywa chako kiko na chumvi mingi, damu yako iko na sukari mingi. Miye sitibu chumvi. Uniletee manamba."

Tangu hapo nikisema mia anaandika ishirini, kisha anaichukua simu yangu ahakikishe mwenyewe.

Safari hii namba zile zilikuwa na uzito wa tani thelathini. Mimi ni dereva wa lori la saruji. Tunapakia eneo la viwanda upande wa Ndera, tunasambaza kwenye majengo mapya yanayoota kila kilima kama uyoga. Kampuni ilikuwa imetoa amri kwamba dereva mwenye ugonjwa wa kudumu alete barua ya daktari kuthibitisha kuwa anaweza kushika usukani. Meneja wetu, Mkenya mpole mwenye tai fupi, alinipa mpaka Ijumaa.

"Mzee, mimi nakupenda," akaniambia, "lakini barua isipokuja, funguo zitabaki kwa droo."

Daktari naye alikuwa amenipangia Alhamisi: nije na vipimo vya miezi mitatu, aviangalie, ndipo aandike. Asipoviona haandiki. Lori lile limesomesha watoto wetu watatu, na mimi mwenyewe limenisomesha. Bila lori mimi ni kelele tu zilizovaa viatu.

Sasa kuna jambo ambalo sikumwambia daktari, wala meneja, wala mke wangu, na hata leo nikiliandika mgongo unaloa. Siku kumi kabla ya umuganda ule nilikuwa napandisha kilima cha Rebero na mifuko mia sita. Nakumbuka mzunguko wa barabara kule chini. Kisha nakumbuka mwanamke mwenye mwavuli akigonga mlango wa lori, akiniuliza kama niko sawa. Kati ya hayo mawili hakuna kitu. Lori lilikuwa limesimama kando ya barabara, taa za tahadhari zinawaka, breki ya mkono imekazwa, limeegeshwa vizuri kuliko ninavyoegesha nikiwa na akili zangu. Nani aliliegesha? Mimi. Mimi nilikuwa wapi? Sijui. Nilijipima pale pale: arobaini na nne. Kwa wasioujua ugonjwa huu, chini ya sabini ni hatari. Arobaini na nne ni mtu anayechungulia kaburi na kuuliza kama limeshafagiliwa. Nilikunywa soda mbili, nikamwambia mama wa mwavuli kwamba nilikuwa nasali, nikafikisha saruji ya watu.

Jioni mke wangu akauliza kama anavyouliza kila siku, "Sukari ya reo?"

"Sukari imelala," nikajibu.

Maneno hayo niliyabuni mwenyewe. Sukari ikiwa sawa, imelala. Ikipanda, imeamka. Kila asubuhi nikishapima natangaza kutoka chumbani, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na nyumba nzima inajua siku imeanza. Jioni ile niliyatumia kama kifuniko. Na kesho yake, kabla ya kuwasha lori, nikafungua programu, nikaitafuta ile arobaini na nne, nikaifuta. Kidole kimoja tu. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika wa kitu namna ile.

Basi, baada ya umuganda nikampelekea fundi simu ile maiti. Akaifungua, akainusa kama nyama ya juzi, akatikisa kichwa chenye mvi. "Muze, hii imekufa na wajukuu wake."

Nikapata nyingine, ya mtumba. Programu ikaingia bila shida, lakini tupu, nyeupe kama daftari la mvivu. Ikauliza: una nakala ya kurejesha? Nikaruka kwenye kiti. Ninayo! Nesi wa kliniki aliwahi kutufundisha kwamba simu huibwa, huvunjika, huzama, basi tuweke bakapu, nakala inayokaa huko mbali, na tuifunge kwa maneno ya siri ambayo hatutayasahau. Wakati wa somo lile mimi nilikuwa nawachekesha wagonjwa wenzangu. Mke wangu alikuwa anaandika. Yeye ndiye aliyekaa na simu yangu jioni moja, akabonyeza-bonyeza, akasema, "Nimefanya ire bakapu. Ya siri ni yare maneno yako ya asubuhi." Nikasema vizuri, nikaendelea na viazi vyangu.

Programu ikanionya kwa herufi nyekundu: unaruhusiwa kujaribu mara tano, ukikosea zote nakala itajifuta, na hata walioitengeneza programu hawataweza kuirudisha. Mara tano! Mimi hata kufuli la nyumbani kwangu nalikosea sita.

Lakini sikutishika, kwa sababu mtihani ulikuwa wa Kiswahili. Nimezaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na tuliporudi Rwanda Kiswahili kilikuwa ndio mzigo wangu pekee uliofika bila kuvunjika. Sekondari nimeimaliza nikiwa na miaka arobaini na mitatu, kwa masomo ya jioni, nikiingia darasani na vumbi la saruji masikioni. Kiswahili nikawa wa kwanza darasa zima. Tulikuwa tisa, lakini darasa zima ni darasa zima. Cheti nimekitundika sebuleni, na fremu yake inaizidi ya picha ya harusi.

Tangu siku hiyo nikawa polisi wa lugha, na mshitakiwa wangu wa kwanza alikuwa mke wangu. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa Kigali, Kiswahili alijifunza sokoni akiuza vitenge na Wakongo, na kinywani mwake r na l ni mapacha wanaoazimana nguo. Siku moja nilialika wenzangu wa darasa la jioni. Akaweka sahani mezani, akafungua mikono, akasema, "Karibuni kura."

Nikasimama. "Kura! Jamani, vitambulisho mezani! Sanduku liko wapi? Mgombea ni wali au ni ugali?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Na yeye alicheka, akarudi jikoni kuleta mchuzi. Niliihesabu kuwa siku nzuri.

Basi nikaandika: Sukari imelala. Ikakataa. Pengine ni herufi kubwa, nikasema. Sukari imelala, yote kwa herufi ndogo. Ikakataa.

Nikampigia mke wangu. Alikuwa Nyagatare kwa dada yake aliyejifungua, na simu yake ni ile ya vitufe, inayoshika mtandao mwenyewe akisimama juu ya kichuguu na kuinua kidevu.

"Sheri wangu, kwenye bakapu uliandika nini?"

"Si nirikwambia? Maneno yako ya asubuhi."

"Sukari imelala?"

"Eee, hiyo hiyo. Sukari imerara."

"Nimeandika, imekataa."

"Basi umeandika vibaya."

"Mimi? Niandike Kiswahili vibaya, mimi?"

"Haya, mwarimu," akasema. Kichanga kikalia nyuma yake, mtandao ukakatika.

Nikajaribu kuyaunganisha maneno bila nafasi. Ikakataa. Zikabaki mbili. Nikaifungia simu kabatini mpaka Jumatatu, chini ya cheti, kama mtu aliyefungia nyoka.

Jumatatu na Jumanne niliendesha nikiwa na biskuti kwenye kila mfuko. Kila mlima niliupanda nikishika usukani kwa mikono miwili na meno. Nilijipima kabla ya kuwasha, nilijipima nikipakua, vidole vikawa kama chujio. Na bado nilijiambia kwamba shida ni neno la siri tu. Vipimo vyangu ni safi, nilikwisha kuvifagia. Nikifungua tu, barua ninayo.

Jumanne mchana nilikuwa nangoja zamu ya kupakua, mbele ya kibanda cha chai. Ukutani mwenyewe alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MAANDAZI YA REO REO. Nikaanza kucheka, andazi mkononi, mpaka mama wa kibanda akaniuliza kama limeniua. Reo! Miaka ishirini mke wangu ananiambia imerara, na sikio langu linapokea imelala, linanyoosha lenyewe kabla sijasikia. Kumbe aliandika anavyotamka! Nikatoa simu pale pale, nikaandika kwa furaha ya mgunduzi: sukari imerara.

Ikakataa.

Ikabaki moja. Andazi sikulimaliza.

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya daktari, nikampigia tena. Nikamwomba apande kichuguu kirefu kuliko vyote.

"Mama watoto, imebaki moja tu. Nitajie herufi moja moja."

"Esi. U. Ka. A. Eri..."

"Eri gani?"

"Eri."

"Ni r au ni l?"

"Eri, nakwambia!"

"Unaitaja ile ile!"

"Sasa nitaje ingine ya wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasikia upepo wa Nyagatare ukipita kwenye simu.

"Ngoja," akasema. "Ire ya Rwanda, unaijua?"

"Naijua. R."

"Hiyo haiko. Hata moja. Nirizitoa zote, nikaweka ire ingine."

"Hata kwenye sukari?"

"Hata kwenye sukari."

"Kwa nini, sheri?"

"Si urinichekaga? Ire siku ya kura, mbere ya wageni. Nikasema, iko siku ataisoma hii, hataniona mujinga. Eri zote Kiswahiri chako hakizipendi. Nikazitoa."

Katika yale maneno ya siri kulikuwa na r moja tu iliyostahili kuwepo, na mke wangu aliing'oa kwa kuniogopa mimi. Hilo halikunifikia lote pale. Kilichonifikia ni kidole, kilichokuwa kizito kama mfuko wa saruji. Nikaandika: sukali imelala.

Ikafunguka.

Namba zikaanza kumiminika, mstari ukajichora kutoka kushoto, ukipanda, ukishuka. Nilipiga ukelele nikasahau kwamba mtu yuko upande wa pili. Kisha nikaona tarehe ya nakala, pale juu. Ilikuwa ni siku ya Rebero, jioni. Nikateremka mpaka siku ile. Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi: arobaini na nne. Niliyoifuta kwa kidole changu mwenyewe ilikuwa imekaa pale, na rangi yake nyekundu.

"Imefunguka?" akauliza.

"Imefunguka."

Akashusha sauti. "Umeiona?"

"Nini?"

"Ire ya saa tano."

Nikaifunika ile namba kwa kidole gumba, kana kwamba anaiona kutoka Nyagatare.

"Nirifungua simu ukiwa unaoga," akasema. "Nirikuwa naangariaga kira jioni, kuona kama umepima. Nikakuta arobaini na nne, saa ya kazi. Na wewe umesema imerara. Nikasema, huyu ataifuta. Nikafanya bakapu, wewe ukikura viazi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nirikuuriza, sheri. Kira siku nakuuriza. Kira siku unasema imerara."

Alhamisi nilikaa kwenye benchi la kliniki na simu mapajani. Kidole kilikuwa kinaijua njia. Ilikuwa ni kubonyeza mara moja na kusema nina uhakika. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa jasiri, nikapambana na nafsi yangu kwa masaa sita mpaka benchi likavunjika. Hapana. Niliogopa tu lile swali la jioni, na kwamba mwenye kuliuliza ana jibu tayari.

Daktari alivaa miwani, akapitisha kidole chake kwenye miezi yangu mitatu, akianzia siku za karibuni kurudi nyuma. Pengo la siku zilizozama mtaroni aliliruka. Baada yake tu akasimama.

"Papa, hii ya saa tano. Ulikuwa wapi?"

"Rebero."

"Unafanya nini?"

"Naendesha lori."

"Lenye nini?"

"Tani thelathini."

Alinitazama juu ya miwani, akingoja chumvi. Sikuwa nayo. Nikamweleza mzunguko wa chini, mama wa mwavuli, breki ya mkono ambayo sikumbuki kuivuta. Nilipomaliza hakuandika ishirini. Aliandika kila kitu.

"Ulisikia mwili kutetemeka mbele ya ile? Jasho?"

"Sikusikia kitu. Niliamka tu."

"Njo mbaya kabisa hiyo." Akaigeuza simu nione. "Angalia. Kila saa tano inashukaka. Sitini na tano, sitini na moja, sitini na nne. Miezi mitatu mwili unakuita, papa. Wewe uko unapiga hadisi."

Alipunguza insulini yangu ya asubuhi. Akanipangia kula saa nne, hata kama niko juu ya mlima. Kisha akaandika barua, akaipiga muhuri, akanisomea kabla ya kunikabidhi. Nisishike usukani kwa wiki sita, na baada ya hapo nirudi na vipimo vyote, bila kukosa hata kimoja.

"Si ile uliitaka," akasema.

Meneja aliisoma mara mbili siku ya Ijumaa, akalegeza tai yake fupi, akafungua droo. Sauti ya funguo zikianguka ndani ya droo tupu mtu asikuelezee, uisikie mwenyewe. Amenipa kazi ya getini, kuandika namba za malori yanayotoka na kuingia. Baada ya wiki sita tutaona, alisema, na neno tutaona kwa Kiswahili chochote lina tundu katikati. Lori langu lilitoka mbele yangu na dereva mwingine. Aliingiza gia ya pili kama anavunja kuni. Nikaandika namba yake daftarini, kwa mwandiko mzuri.

Jioni, jua likiwa bado kwenye mabati, mke wangu akapiga.

"Barua?"

"Funguo ziko kwenye droo. Wiki sita."

Nikangoja pole yake. Nilikuwa nimeiandalia mahali.

"Imana ishimwe," akasema, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayetua ndoo kichwani. Nikakasirika. Halafu hasira ikakosa pa kukaa.

"Na ire ya siri nitaibadirisha nikirudi," akasema.

"Utaweka nini?"

"Sikwambii."

"Sitacheka."

"Utacheka." Kichanga kikaanza kulia huko Nyagatare, nikadhani atakata. Hakukata. "Sukari ya reo?"

Nilikuwa sijapima. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni, limevaa na viatu.

"Ngoja," nikamwambia. Nikaiweka simu mezani bila kuikata, nikaenda kutafuta kimashine.